Simu ya kugusa inanibadilishia maneno. Nirudi kwenye kitochi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 49, nauza kanga na vitenge Kariakoo. Wateja wa mikoani siku hizi wananiagizia kwa WhatsApp, kwa hiyo wanangu wameninunulia simu ya kugusa. Kwenye kitochi nilikuwa naandika huku napima kitambaa, hata sitazami. Hii nikigusa A inaweka S, nikiandika 'sawa' inanigeuzia neno la Kizungu, na kabla sijaona nimeshatuma. Juzi mteja wa Bagamoyo alitaka doti sita, nikamjibu, hakunielewa, akanunua kwa mwingine. Vidole vyangu vinene mno au simu ni ndogo? Ninunue kubwa zaidi, nirudi kwenye kitochi, au niwe natuma sauti tu?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu, na pole kwa doti sita. Usinunue simu nyingine, na kitochi kiache kipumzike. Vidole vyako ni vizima.

Nimefundisha watu kuandika kwa mashine tangu enzi za taipureta, na sasa wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaokuja na simu mkononi. Karibu wote huanza kwa kuniomba radhi kwa ajili ya vidole vyao. Inaniuma kila mara, maana mtu amelea watoto kwa vidole hivyo, ameshona, amehesabu fedha, halafu kifaa cha kiganjani kinamfanya ajione hafai. Ukweli ni kwamba simu yako inakisia unachotaka kuandika, na kwa sasa inakisia kwa lugha isiyo yako. Hilo ndilo kosa kubwa. Lipo na dogo, la mahali kidole kinapotua, na nianze na hilo kwa sababu utalimaliza leo jioni.

Kioo cha simu ya kugusa hakipimi nguvu ya kidole. Chini yake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana, zenye chaji ndogo ya umeme. Ngozi ikigusa kioo, chaji ya mahali pale hubadilika, na simu hutafuta katikati ya eneo lililoguswa. Kwa hiyo kukandamiza hakuongezi kitu, na ukigusa kwa ncha ya kucha simu haioni chochote, kwa sababu kucha haipitishi umeme kama ngozi. Ukiwa na kucha ndefu, laza kidole kidogo ili nyama yake ndiyo iguse. Maji nayo hupitisha umeme, na maji ya chumvi zaidi. Jasho la saa saba mchana Kariakoo, likitandaa kwenye kioo, linaichanganya simu kuliko unene wa kidole chochote. Weka kipande cha kitambaa kikavu cha pamba karibu na mezani pako, futa kioo na ncha za vidole kabla ya kumjibu mteja. Kama protekta yako imepasuka au ina mapovu ya hewa, ibadilishe. Tazama na kava: zile nene zenye ukingo ulioinuka humzuia mtu kufika pembeni mwa kioo, na pembeni ndiko iliko A.

Hapo kwenye A nikae kidogo. Mpangilio huu wa herufi tumeurithi kutoka kwa Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambaye mashine yake ya chapa iliingia sokoni mwaka 1874. Aliipanga kwa ajili ya Kiingereza. Sisi katika Kiswahili hakuna herufi tunayoitumia kama A. Tazama tu maneno "maana", "wakala", "kanga", "nitakapofika". Kwenye taipureta A iliangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, na wanafunzi wangu wa Kiswahili walikuwa wakilalamika kidole hicho kuuma kuliko vingine. Kwenye simu imekuwa vingine. Ukiishika kwa mkono wa kulia na kuandika kwa dole gumba la kulia, A ndiyo herufi iliyo mbali kuliko zote katika mstari wake. Dole gumba linanyooka, halifiki, linatua jirani. Jirani wa A ni S. Ndiyo hiyo S yako.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye kibodi nyingi, ile nafasi tupu iliyo kati ya A na ukingo wa kioo ni mali ya A pia. Lenga huko, nje kabisa, kama unayetaka kugusa ukingo wenyewe, wala usilenge katikati ya herufi. Fanya hivyo mara ishirini usiku huu na utaona S zinapungua.

Na uitumie mikono yote miwili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Shika simu kwa viganja vyote, dole gumba la kushoto lichukue A, S, E, T na wenzao, la kulia lichukue upande wa I, O, U na K. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vya Aalto cha Ufini, Cambridge cha Uingereza na ETH Zürich cha Uswisi walitoa matokeo ya kupima watu 37,000 wakiandika kwenye simu, kwa Kiingereza. Wastani ulikuwa kama maneno 36 kwa dakika, na walioandika kwa madole gumba mawili walifika 38. Usijilinganishe na namba hizo. Neno letu moja kama "nitakutumia" linabeba kazi ambayo Kiingereza kinaigawa kwa maneno manne, kwa hiyo maneno yao kwa dakika si maneno yetu. Nimeutaja utafiti huo kwa jambo jingine nitakalolifikia.

Sasa kosa kubwa. Ukigusa kioo, simu haiandiki tu herufi iliyo chini ya kidole. Inajiuliza maswali mawili kwa pamoja: kidole kimetua wapi, na kwa herufi zilizotangulia, herufi gani ina uwezekano wa kufuata? iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 tayari ilikuwa inafanya hivi: vitufe vinaonekana vya ukubwa uleule, lakini eneo la kugusa la herufi inayotarajiwa linapanuka bila wewe kuona, na la herufi isiyotarajiwa linasinyaa. Kibodi za leo zinafanya hivyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Kidole kikitua mpakani mwa A na S, anayeamua ni kamusi. Kamusi ikiwa ya Kiingereza, inaamua Kiingereza. Kwa hiyo, dada yangu, zile S nyingi huenda hazikutokana na kidole chako hata kidogo. Uliandika A, kidole kikatua mpakani, na hakimu hakukijua Kiswahili.

Ukimaliza neno ndipo inakuja hatua ya pili: unagusa kitufe cha nafasi, simu inaangalia neno zima, hailifahamu, inaweka la kwake. "Sawa" inageuka hivyo. Wewe macho yako yako kwenye kitambaa au kwa mteja aliyesimama mbele, unatuma.

Basi ifundishe Kiswahili. Simu nyingi za Android huja na kibodi ya Google iitwayo Gboard. Kama yako haina, inapatikana bure, na hata wenye iPhone wanaweza kuiweka. Fungua WhatsApp kama unayetaka kuandika ili kibodi itokee. Shikilia kitufe cha alama ya mkato bila kuachia mpaka kitokee kialama cha gurudumu lenye meno, kisha sogeza kidole hapo. Umeingia kwenye mipangilio ya kibodi. Tafuta sehemu ya lugha, ongeza, andika Kiswahili, chagua cha Tanzania. Kiingereza usikiondoe, kwa sababu wateja wako wanaandika "order" na "size" na wewe utawajibu hivyohivyo. Kama mikono inatetemeka kufanya haya, mpe mwanao akufanyie huku ukitazama, lakini utazame, ili siku simu ikiharibika usimsubiri yeye.

Ukishamaliza hapo usidhani mambo yamenyooka yote. Kiswahili ni kigumu kwa kamusi za simu, na sababu yake inapendeza. Chukua kitenzi unachokiandika kila siku, "tumia" kwa maana ya kumpelekea mtu kitu. Anayetuma anaweza kuwa mmoja wa sita: ni, u, a, tu, m, wa. Wakati unaweza kuwa na, li, ta au me. Anayetumiwa anaweza kuwa ni, ku, m, tu au wa. Zidisha: 6 mara 4 mara 5 ni 120. Ondoa isiyosemeka, kama "ninanitumia", bado unabaki na karibu mia moja kutoka kitenzi kimoja, na hapo hatujagusa "hujanitumia", "ukimtumia", "angewatumia", wala "uliyemtumia". Hakuna aliyekaa akayaorodhesha yote kwa kila kitenzi chetu. Kwa hiyo hata kibodi yenye Kiswahili itakutana na neno lako sahihi kabisa na kulipigia mstari mwekundu. Ikifanya hivyo, usiuamini mstari huo. Liamini neno lako.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwako unapingana kidogo na ule utafiti. Wao waliona kwamba kusahihisha kiotomatiki kunamwongezea mtu kasi, ila kusimama na kuchagua maneno yanayopendekezwa juu ya kibodi mara nyingi kunampunguzia, kwa kuwa muda wa kusoma na kuamua unazidi muda wa kuandika. Kwa Kiingereza naamini ni kweli. Kwa Kiswahili nasema: mwezi wa kwanza zima kabisa kusahihisha kiotomatiki. Iko kwenye mipangilio ileile, sehemu ya kurekebisha maandishi. Acha mapendekezo yaonekane, lakini usiyatazame ila kwa maneno marefu. "Nitakutumia" ukifika "nitaku" na ukaliona tayari juu, ligonge. Kwa neno fupi kama "ndiyo" andika tu, ni haraka zaidi. Baada ya mwezi kibodi itakuwa imeyajua maneno yako ya biashara. Washa tena kusahihisha ujaribu kwa siku mbili. Ikikuudhi, zima. Na neno likibadilika mbele ya macho yako, gusa kitufe cha kufuta mara moja papo hapo kabla hujaandika kingine. Kwenye kibodi nyingi neno lako la mwanzo hurudi.

Ila kibodi inajifunza yale unayoyaandika, na hapa nina ombi. Acha mikato ya kitochi, kama kuandika "xaxa" badala ya "sasa". Wengi hudhani ilikuwa utoto, lakini ilikuwa na hesabu yake. Kwenye kitochi, S ni ya nne kwenye kitufe cha 7, kwa hiyo "sasa" ilihitaji mibonyezo 10. X ni ya pili kwenye 9, kwa hiyo "xaxa" ilihitaji 6 tu. Vijana walijua wanachofanya. Kwenye kioo, S na X zote ni mguso mmoja, hesabu hiyo imekufa, na kilichobaki ni kuifundisha simu yako Kiswahili kibovu. Ukiandika "xaxa" mara kumi, itaanza kukupendekezea "xaxa" kwa mteja ambaye ni shehe wa mtaa. Na ukitaka kujua kwa nini nakukataza kurudi kwenye kitochi, hesabu "nitakutumia" kule: mibonyezo 19. Kwenye kioo ni miguso 11, na ukiligonga pendekezo, pungufu ya hapo. Kilichokuwa kinakusaidia kule ni kile kinundu kwenye namba 5, kilichokuonyesha njia bila macho. Kwenye kioo kinundu hakuna, na hilo ni hasara ya kweli. Washa mtetemo wa kibodi, utajua walau kwamba mguso umepokelewa. Lakini utalazimika kutazama, na mita utaiweka chini kwanza.

Ujumbe unaourudia kila siku usiuandike tena. Kwenye mipangilio ya kibodi kuna kamusi yako binafsi, ambapo unaweka sentensi nzima na ufupisho wake. Weka, kwa mfano, "Asante kwa oda yako. Mzigo utatoka kesho asubuhi stendi ya Magufuli, nitakutumia namba ya basi na ya kondakta," na ufupisho wake uwe "mzg". Ukiandika mzg, sentensi nzima inajitokeza juu, unaigonga. Lipa namba yako iweke humo pia, uiandike mara moja tu, uihakiki tarakimu kwa tarakimu pamoja na mtu mwingine. Tarakimu moja ikikosewa, fedha ya mteja inakwenda kwa mtu msiyemjua. Namba ya siri usiiweke humo kamwe. Na kibodi zenye mapambo na maua ambazo mtu atakuambia uweke, zikatae kama hujui aliyezitengeneza: kibodi inaona kila unachoandika, na Android yenyewe hukuonya kuhusu hilo unapoiwasha.

Kuna ritifaa, kile kialama cha kwenye ng'ombe na ng'oa. Watu wanaiacha kwa kuwa imefichwa kwenye ukurasa wa namba. Usiiache; "ngoa" ni wivu, "ng'oa" ni kazi nyingine. Kwenye Gboard gusa kitufe cha namba na, bila kuinua kidole, telezesha hadi kwenye ritifaa, kisha uachie. Kibodi inarudi kwenye herufi yenyewe. Ila kwa wateja wako wa vitochi unaowatumia meseji za kawaida, ujue jambo hili: meseji moja inabeba herufi 160, lakini ikiingia alama moja tu isiyo katika orodha ya zamani ya mtandao, inashuka hadi 70. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha hiyo. Ile iliyopinda kama mkia wa mkato, inayotokea ukinakili maandishi kutoka Word, haimo, na emoji hazimo. Tangazo lako la herufi 120 lenye ua moja mwishoni linakatwa meseji mbili. Kwenye WhatsApp haya hayana uzito.

Kuhusu sauti, maana uliuliza. Kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni kumtumia mteja sauti yako, na kwa salamu au pole hakuna kinachoishinda. Kwa oda nakukatalia. Mwezi ujao ukitaka kujua aliagiza doti ngapi za rangi gani, maandishi unayatafuta kwa neno moja. Sauti utazisikiliza moja baada ya nyingine, dukani kumejaa watu. La pili ni kusema simu ikakuandikia. Google waliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo Agosti 2017, pamoja na Kiamhari. Gusa kialama cha maikrofoni kwenye kibodi, sema taratibu. Asubuhi na mapema kabla mtaa haujachangamka inafanya kazi vizuri. Spika za matangazo zikishaanza inakamata na ya jirani. Bei na idadi ziandike mwenyewe kwa mkono, kila mara. "Sita" na "saba" zikibadilishana, hasara ni yako.

Mwanao huenda akakuonyesha ile ya kuburuza kidole toka herufi hadi herufi bila kuinua. Ni nzuri, lakini hutoa maneno yaliyo kwenye kamusi tu, na umeona kamusi inavyopungukiwa na vitenzi vyetu. Iache kwa sasa. Jifunze badala yake kuteleza kidole juu ya kitufe cha nafasi, kushoto na kulia. Kile kimstari kinachowaka na kuzima kitatembea ndani ya neno, utarekebisha herufi moja bila kufuta mstari mzima.

Zoezi unalo dukani. Kila kanga ina jina lake limeandikwa chini. Asubuhi, kabla hujafungua mafungu yote, chukua kanga tano, ujiandikie majina yake kwenye simu, neno kwa neno, kwa madole gumba mawili, kusahihisha kukiwa kumezimwa. Ni Kiswahili kizima, chenye vitenzi vya kila namna, na kibodi itakijifunza kutoka kwako. Ukimaliza, tuma orodha hiyo kwa yule mteja wa Bagamoyo pamoja na picha, umuulize kama bado anahitaji doti.